Insha ya Tumboni mwa Chatu

Wanafunzi walimwita Bi Sarufi. Alilijua jina hilo, na moyoni hakulichukia. Miaka ishirini na sita alikuwa akifundisha Kiingereza, na kila mwaka alikiona kikizidi kuchakaa mikononi mwa watoto. Zamani, alipenda kusema katika chumba cha walimu, hata yule wa mwisho darasani alijua kutofautisha jana na leo. Siku hizi wa kwanza naye anaandika maneno kwa tarakimu, anakata vitenzi mikia, kisha anachomeka lugha yao ya vijiweni katikati ya sentensi na kuiacha pale, kana kwamba msahihishaji naye hushinda nao kijiweni. Alikuwa na daftari la jalada jekundu alimonakili makosa yaliyompendeza. Wakati wa chai wenzake walimwomba awasomee, naye alisoma vizuri, kwa sauti ya mtangazaji wa habari, bila kucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililowavunja watu mbavu.

Mwaka ule aliitwa tena kusahihisha mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Ilikuwa mara yake ya kumi na moja. Kituo kilikuwa chuo cha ualimu ambacho wanachuo wake walikuwa likizo: ukuta mrefu, geti moja, walinzi wawili wa zamu. Pale getini kila mwalimu alitoa simu yake, ikatiwa kwenye bahasha ya kaki na kuandikwa jina, kisha akatia sahihi kiapo. Asingetoka kabla ya siku kumi na nne kwisha. Asingewasiliana na mtu wa nje. Asingetamka popote alichokisoma. Mume wake alimtania asubuhi alipomsindikiza na begi, "Haya, mfungwa wangu, tuonane ukimaliza kifungo." Wote wawili walicheka.

Walilala kwenye mabweni ya wanachuo, vitanda vya ghorofa, na yeye mwanamke wa miaka hamsini na miwili alipangiwa cha juu. Mchana walifanya kazi bwaloni, watu sita kila meza, kila mmoja na swali lake. Karatasi zilikuja zimefungwa kwa uzi, hamsini hamsini. Bi Sarufi alikuwa na swali la insha, alama ishirini: mtahiniwa aeleze mahali anapoishi.

Siku ya nne, kabla ya chai ya saa nne, alifungua karatasi ambayo insha yake haikufika hata nusu ukurasa. Aliisoma mara moja, uso ukamchangamka. Akainua kalamu nyekundu juu kama mtu anayeomba nafasi ya kusema.

"Jamani, jamani. Tulieni kidogo. Huyu nikimwacha apite hivihivi nitakuwa mchoyo."

Meza ikanyamaza. Hata meza ya jirani wakageuza viti. Naye akasoma. Kiingereza kile hakikuwa na jana wala leo wala kesho. Vitenzi vilikuwa vitupu kama kuku walionyonyolewa. Kwa Kiswahili kingekuwa hivi:

"Mimi ishi tumboni mwa chatu. Chatu meza sisi saa kumi na mbili jioni. Chatu tapika sisi asubuhi kengele ya shule. Sisi wasichana arobaini na moja. Tumbo dirisha lake chuma. Siku moja panya tafuna waya, tumbo jaa moshi. Sisi piga kelele sana, chatu lala kwake. Sisi zima moto kwa maji ya kufulia. Mwenzangu ungua mkono. Chatu sema nani sema nje, yeye toka shule. Mdogo wangu baki tumboni. Asante."

"Asante!" akarudia kiongozi wa meza, mzee mmoja mwembamba aliyefundisha miaka mingi kuliko wote, akijifuta machozi kwa leso. "Yaani chatu kammeza, kamtapika, halafu anashukuru!"

"Ameulizwa anaishi wapi, ametuletea ngano," akasema mwingine.

"Na panya humo ndani! Kumbe chatu alikuwa ameshakula."

Walicheka mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Bi Sarufi akangoja kicheko kiishe, kisha akaandika pembeni, kwa mwandiko wake mzuri wa mshazari, kwamba mtahiniwa ametoka nje ya swali na nyakati za vitenzi zimevurugika. Akampa tano. Tano ilikuwa huruma. Mwongozo ungemruhusu kumpa tatu.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakucheka. Alikuwa mwalimu kijana wa kike, mwaka wake wa kwanza kusahihisha, na meza nzima ilimwita Kitindamimba. Alikuwa ameinamia karatasi zake, lakini kalamu yake haikwenda.

Kengele ya chai ilipolia, Bi Sarufi alimkuta kwenye birika.

"Wewe mwanangu, mbona umenuna? Au nimesoma vibaya?"

"Hapana, mwalimu. Umesoma vizuri sana."

"Basi nini?"

Kitindamimba akaangalia huku na huku. "Hao wanafunzi wako, wakifungiwa mahali, wanasemaje?"

"Wanasema wamefungiwa. Watasemaje?"

"Wangu wanasema wamemezwa. 'Jana tulimezwa mapema.' Mtu mwenye funguo ni chatu. Matroni akiwa ndiye mwenye funguo, ni chatu. Mlinzi ni chatu. Hata wale dada wa jikoni nimewasikia leo wakisema walimu wamemezwa wiki mbili." Akashusha sauti. "Mwalimu, huyo mtoto hakutunga ngano. Amejibu swali."

Bi Sarufi alikishika kikombe chake bila kukinywa. Kwanza alitaka kubisha, maana ndivyo alivyozoea. Kisha insha ikaanza kujisoma yenyewe kichwani, safari hii bila kicheko. Wasichana arobaini na mmoja hufungiwa saa kumi na mbili jioni na kufunguliwa kengele ya shule inapolia. Madirisha ya nondo. Panya wametafuna waya. Moshi umejaa, wamepiga kelele, mwenye funguo amelala kwake, nao wamezima moto kwa maji ya kufulia. Wakaambiwa atakayesema nje atafukuzwa shule.

Alirudi bwaloni kabla ya wengine, akaitafuta karatasi ile kwenye furushi, akaisoma tena polepole. Sasa kilichomtesa kilikuwa kitu kilekile alichokizungushia wino mwekundu. Meza: alimeza, au humeza? Kama ni zamani, basi yamekwisha, msichana amemaliza mtihani na kwenda kwao. Kama ni kila siku, basi hata jioni ya leo. Vidato vya chini vilikuwa bado havijafunga shule. Vilibakiwa na wiki tatu. Na sentensi ile iliyotangulia asante ndiyo iliyomshinda kabisa. Mdogo wangu baki tumboni. Alibaki siku ya moto? Alibaki, akafia humo? Au yuko humo mpaka sasa? Herufi mbili tu za mkia wa kitenzi cha Kiingereza, ambazo mtoto hakuziandika, na katika nafasi yao palikuwa na mtoto wa watu, hai au maiti, na Bi Sarufi hakuwa na njia ya kujua. Juu ya karatasi palikuwa na namba tu. Hakuna jina, hakuna shule.

Alimwendea kiongozi wa meza.

"Mzee mwenzangu, ile insha ya chatu. Ni kweli."

"Kweli vipi?"

Akamweleza. Mzee akasikiliza huku akigongagonga meza kwa kidole. "Sasa wewe unataka nini? Umwongeze alama?"

"Nataka mtu aende huko."

"Huko wapi? Una namba. Mimi nina namba. Hapa hatusahihishi maisha ya watu, tunasahihisha karatasi. Na leo umeshachelewa, wenzako wako furushi la tatu." Alipoona bado kasimama, akalainika. "Nenda kwa mkuu wa kituo. Ila usiseme mimi ndiye niliyekutuma."

Mkuu wa kituo alikaa katika ofisi iliyokuwa ya mkuu wa chuo, chini ya saa ya ukutani iliyosimama. Alikuwa mtu mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimkaribisha kiti, akaisoma insha mara mbili, akaiweka mezani na kuilalia kwa kiganja.

"Mama, mimi ninao watoto wa kike watatu. Nakuelewa. Lakini nikikufungulia namba moja leo kwa huruma, kesho watakuja kumi wanifungulishe kwa rushwa. Hiyo ndiyo sababu hata mimi sina orodha ya shule. Iko makao makuu."

"Basi wapigie makao makuu."

"Simu yangu iko kwenye bahasha kama yako."

"Tuma barua."

"Barua hazitoki mpaka siku ya kumi na nne. Umetia sahihi, nami nimetia." Akafikiri, akavuta droo, akatoa karatasi ya rangi ya njano. "Kinachotoka hapa ni kimoja tu. Fomu ya mashaka. Gari la makao makuu huichukua kila siku saa tisa. Wakiipata wanafungua namba, na ndani ya siku mbili mtu wao anafika shuleni."

Bi Sarufi akaivuta fomu kwake. Ilikuwa na visanduku vitatu vya kutia alama. Cha kwanza, mtahiniwa amenakili kwa mwenzake. Cha pili, ameandikiwa na mtu mwingine. Cha tatu, ametumia lugha ya matusi au aibu. Aligeuza nyuma, hakukuwa na kitu.

"Kisanduku cha mtoto anayefungiwa kiko wapi?"

"Hakipo."

"Kwa hiyo ili mtu aende kumtafuta, lazima kwanza nimsingizie."

"Mimi sijasema umsingizie," akasema mkuu wa kituo, na akatazama dirishani. "Nimekwambia tu kinachotoka. Na uelewe: ukishatia alama, matokeo yake yote yanazuiwa. Masomo yote. Mpaka uchunguzi uishe. Wengine husubiri mwaka. Na wakikuta umetia alama ya uongo, wewe hutaingia tena getini hapa."

Ilikuwa saa saba kasoro. Alitoka na fomu mkononi, akauzunguka uwanja akifuata ukuta. Ukuta ule alikuwa ameupita miaka kumi na moja bila kuutazama. Sasa aliona vipande vya chupa vilivyopandwa juu yake, na kwamba palipokuwa na mlango mdogo upande wa shamba pamezibwa kwa matofali. Alipofika getini mlinzi alisimama kwa adabu.

"Shida gani, mwalimu?"

"Nikitaka kutoka mara moja tu, niende kituo cha polisi, nirudi?"

"Labda uwe na msiba, mwalimu. Na msiba lazima waje kutuambia wao wa nje." Akaona uso wake, akaongeza kwa huruma, "Au uugue. Lakini hapo daktari ndiye huja ndani."

Kitindamimba alimkuta amekaa kwenye ngazi za bweni, fomu magotini.

"Usijaze hicho cha tatu, mwalimu," akasema baada ya kuelezwa. "Huyo amefika kidato cha nne kwa meno. Ukimwandikia matusi, umemkata miguu. Na mdogo wake huenda yuko nyumbani saa hizi anakula."

"Au yuko ndani."

"Au yuko ndani," akakubali.

"Ungekuwa wewe?"

Kitindamimba akaketi ngazi ya chini yake. "Mimi ningekuwa sijui. Ndiyo maana sikucheka wala sikusema. Nilinyamaza tu. Usinifuate mimi."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, Bi Sarufi alitamani angekuwa hajui kusoma. Kama angefanya la sheria, jioni kufuli lingefungwa juu ya wasichana wale na yeye angekuwa anakula chakula cha jioni bwaloni akijua. Kama angefanya la pili, angeharibu kwa mkono wake karatasi ya mtoto aliyejibu alichoulizwa. Alijaribu kumwona huyo mtoto, lakini alichokipata ni mwandiko tu, uliolala kushoto, ulioandikwa kwa haraka.

Saa nane na nusu aliingia ofisini na kuegemea kona ya meza ya mkuu wa kituo. Alitia alama kisanduku cha tatu. Chini palikuwa na mistari miwili ya maelezo. Akabana mwandiko ili maneno yaenee: "Chatu maana yake ni mtu mwenye funguo. Wasichana 41 hufungiwa ndani kwa nje. Moto umeshatokea mara moja. Nendeni jioni, si mchana." Akatia sahihi. Mkuu wa kituo aliisoma, akaigonga muhuri.

Kisha zikabaki siku kumi, na hakuna habari iliyoingia.

Hizo ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote. Kila jioni ilipogonga saa kumi na mbili alitega sikio, kana kwamba kufuli lile lingesikika hadi pale. Bwaloni kazi ilimshinda. Alizoea kupita juu ya makosa kama gari linavyopita juu ya kokoto. Sasa kila kitenzi kisicho na mkia kilimsimamisha. Mtoto mmoja aliandika "baba piga mama". Alimpiga? Humpiga? Mwingine aliandika kwamba kwao "kaka lala tu". Alikaa na sentensi ile robo saa, mpaka kiongozi wa meza akaja kumhimiza.

"Mama, unatuangusha. Meza yetu ni ya mwisho."

"Nasoma."

"Nani kakwambia usome? Sahihisha!"

Daftari jekundu alilifungia kwenye begi. Wakati wa chai wakamwomba awasomee, akasema koo linamuuma. Wakamletea tangawizi.

Siku ya kumi na nne alichukua bahasha yake getini na kuiwasha simu, lakini simu haikujua zaidi yake. Alirudi kwake, akamweleza mume wake yote, kiapo kiwepo kisiwepo. Mume wake hakutania safari hii. "Sasa ngoja wakuite," alisema. "Watakuita tu."

Walimwita baada ya mwezi na nusu. Watu watatu nyuma ya meza ndefu, nakala ya fomu ya njano mbele yao. Walimwuliza matusi yako wapi. Akasema hakuna matusi. Wakamwuliza kama alijua hivyo alipotia alama. Akasema alijua. Mmoja wao aliandika, na jambo likawa limekwisha: jina lake liliondolewa kwenye orodha ya wasahihishaji, kwa maisha. Alipokuwa anatoka, mkaguzi mmoja, mtu wa makamo aliyekaa pembeni kimya muda wote, alimfuata kwenye ngazi.

"Mimi ndiye niliyekwenda," alisema. "Nilikwenda jioni, kama ulivyoandika. Niliwakuta. Kufuli lenyewe kubwa kama ngumi yangu, na mwenye nyumba, aliyewapangisha kupitia shule, anaishi mtaa wa pili. Pale penye waya ukuta bado mweusi."

"Na huyo mdogo?"

"Walikuwa wengi, mama. Sikuuliza nani mdogo wa nani. Lakini wote arobaini walitoka kwa miguu yao." Akamtajia shule, haraka, kama mtu anayedondosha kitu kwa bahati mbaya, akapanda ngazi kurudi.

Arobaini, aliwaza Bi Sarufi njia nzima. Insha ilisema arobaini na mmoja. Ilimchukua hadi kitandani ndipo akakumbuka kwamba mwandishi mwenyewe alikuwa ameshamaliza mtihani na kuondoka. Hata hivyo hakulala vizuri.

Jumamosi iliyofuata alisafiri mwendo wa saa nne. Shuleni walimwelekeza kwa shangazi wa msichana, fundi cherehani mwenye chumba kimoja cha kazi kinachotazama barabara. Shangazi alikuwa anapinda suruali. Pembeni, juu ya marobota ya vitambaa, msichana wa miaka kumi na minne hivi alikuwa anashona vifungo. Mkubwa wake alisimama kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi.

"Shikamoo," alisema msichana mkubwa.

"Marahaba. Mimi ni mwalimu. Ndiye niliyesahihisha insha yako."

Mkasi ukalala mezani. "Basi ni wewe uliyesema nimetukana."

"Ni mimi."

"Wenzangu wote wameshaitwa vyuoni. Mimi kila wiki naulizwa nilimtukana nani. Mama huko nyumbani haniamini. Anasema hawawezi kunizuilia bure, lazima nimeandika uchafu."

"Umeandika ukweli. Sikuwa na kisanduku kingine."

"Sasa nani alikwambia ufanye chochote?" Sauti ilimpanda. "Mimi niliulizwa naishi wapi, nikaandika. Nilikuwa na dakika tano. Sikuomba msaada! Nyumba imefungwa, wasichana wametawanyika, wengine wameacha shule kabisa kwa kukosa pa kulala. Huyu hapa analala chini ya hiyo meza."

Shangazi akasema bila kuinua macho, "Punguza sauti. Huyo ni mtu mzima."

"Mwache, dada," akasema Bi Sarufi. Alimtazama yule mdogo, aliyekuwa amesimamisha sindano. "Ndiye huyu? Uliyesema amebaki?"

"Ndiye."

"Ulimaanisha alibaki, au bado yuko?"

"Bado yuko. Si nimeandika?"

"Hukuandika. Uliandika neno linaloweza kuwa lolote. Nimekaa mwezi na nusu nikidhani huenda alikufa."

Msichana akafikiri kidogo. "Lakini ulielewa, ndiyo maana ukatuma watu."

Hapo Bi Sarufi angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. "Sikuelewa," alisema. "Niliisoma kwa sauti mbele ya walimu wenzangu, tukacheka. Nilidhani ni ngano ya mtu mjinga. Mwalimu mmoja kijana ndiye aliyenieleza."

Cherehani ikasimama. Nje mtu alikuwa anabishana na muuza vocha.

"Ulinipa ngapi?" akauliza msichana.

"Tano."

"Kati ya?"

"Ishirini."

"Kabla ya kucheka au baada?"

"Baada."

Msichana akaokota mkasi, akakata kipande kirefu cha kitambaa, moja kwa moja, bila kupinda, mpaka mwisho. Ndipo akasema, "Umekuja kuniomba msamaha?"

"Nimekuja na hii." Akatoa fomu ya rufaa. "Maelezo yangu wameshayapata, lakini hayatoshi. Lazima mtahiniwa mwenyewe aandike, kwa mkono wake, kueleza kila neno la insha lilimaanisha nini."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza."

Msichana akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Yaani wamenifunga kwa Kiingereza, na ufunguo ni Kiingereza."

"Na hapo chini unatia sahihi kwamba hukusaidiwa."

Shangazi akasogeza vitambaa, akapangusa meza kwa kiganja, akamwambia, "Kaa. Andika. Mengine utamlaumu baadaye."

Aliandika saa nzima na zaidi. Bi Sarufi alikaa kwenye kigoda mkabala naye, mikono kaikunja mapajani, akisoma kinyumenyume. Kila sentensi ilipopita bila mkia, kidole kilimwasha. Aliuma midomo. Mdogo alimletea maji, akanywa, akaendelea kuuma midomo. Mwishowe msichana aliinua kichwa, akamwekea kidole kwenye mstari wa katikati, pale alipoeleza habari za kufuli.

"Hapa pana kosa?"

Kile kiapo cha chini kilikuwa wazi kabisa, kwa herufi kubwa. Lakini mwaka ule Bi Sarufi alikuwa ameshavunja kiapo kimoja, na cha pili hakikuwa na uzito sana.

"Ongeza herufi mbili hapo," alisema. "Na hapo. Na hapo chini, ulipomtaja mdogo wako, andika kwamba alikuwa bado yumo siku unafanya mtihani. Usiwaachie wakisie."

Rufaa ilijibiwa baada ya miezi mitano. Matokeo yaliachiwa. Kiingereza kilikuwa alama ya chini kabisa ya kufaulu, mengine yalikuwa mazuri, na vyuo vya mwaka ule vilikuwa vimeshajaa. Msichana alikaa mwaka mzima kwenye cherehani ya shangazi yake kabla ya kupata nafasi ya kusomea maabara. Alimwandikia Bi Sarufi ujumbe wa maneno matatu kumjulisha, maneno mawili kati ya hayo yakiwa na tarakimu ndani. Hakuandika asante.

Bi Sarufi alirudi darasani kwake. Kulikuwa na madaftari arobaini na manane kila wiki, na makosa yalikuwa yaleyale, na kazi yake ilikuwa kuyazungushia wino. Alifanya hivyo. Lakini sasa alipokutana na neno geni alimwita mwenye daftari na kumwuliza, taratibu, lina maana gani. Mwanzoni watoto walifurahi sana. Walimfundisha maneno sita, saba, wakimcheka alivyoyatamka. Siku moja akatumia moja darasani, mahali pake hasa, akimwambia mvulana wa nyuma aache kumeza wenzake mlangoni.

Wanafunzi waliacha kuandika. Walitazamana. Baada ya siku chache aliona kwamba hakuna tena anayesema kumezwa, wala chatu. Walikuwa wamehamia maneno mengine. Alimwuliza kiranja siku hizi wanasemaje, naye akainamisha kichwa kwa heshima na kusema, "Tunasema tumefungiwa, mwalimu."

Alijua ni uongo. Akageuka ubaoni kuandika somo la siku ile, wakati uliopita, na nyuma yake mtu alinong'ona neno moja fupi, darasa likacheka chini kwa chini. Aliliandika neno lile pembeni mwa daftari lake la maandalio, kama alivyolisikia, na alama ya kuuliza mbele yake.